Kipande Kimetokaje? Kiingereza na Majina Yake ya Vitu Vidogo

Kuna sentensi moja iliyonikalisha mezani karibu asubuhi nzima. Ilitoka kwenye mwongozo wa usalama wa jikoni, ambao mteja aliutaka kwa Kiswahili kwa ajili ya wafanyakazi wa hoteli zake, na yenyewe haikuwa ndefu. Ilisema vyombo vyenye "chips" viondolewe, "shards" zifagiliwe wala zisiokotwe kwa mkono, mbao za kukatia zikaguliwe kama zina "splinters", na "scraps" za chakula zisiachwe jikoni usiku. Rasimu yangu ya kwanza ilikuwa na neno vipande mara nne. Mhariri akanirudishia, na pembeni ameandika: vipande vya nini, na vimetokaje?

Swali lenyewe lilikuwa la kunisuta, lakini nusu yake ya pili ndiyo iliyonifungua macho. Vimetokaje. Kiingereza kina maneno mengi mno ya vitu vidogo, na mwanafunzi anayejaribu kuyapanga kwa ukubwa, kutoka dogo hadi dogo zaidi, atachoka kabla hajafika popote. Hayakupangwa hivyo.

Sisi huanza na ukubwa. Pande ni kubwa, kipande ni kidogo, kijipande ni kidogo zaidi, na hakuna anayefungua kamusi kulijua hilo. Kiambishi chenyewe kinasema. Mti unakuwa kijiti, jiwe linakuwa kijiwe, na jitu lililojaza mlango tunaliita pande la mtu. Kiingereza hakina mtambo wa namna hiyo. Kina viambishi vichache vya udogo vinavyokaa mwishoni mwa neno, kama kwenye "booklet", "piglet", "duckling" na "kitchenette", lakini huwezi kuvibandika popote upendapo. Jaribu kuita kiti kidogo "chairlet" uone watakavyokutazama. Badala ya kiambishi wana ghala la majina, na mengi kati ya majina hayo yamehifadhi tendo lililokitoa kipande kwenye kizima chake. Kilikatwa kwa kisu? Kilichanwa? Kiliruka shoka lilipotua? Kilimegwa kwa meno? Kilikwanguliwa? Mwingereza anayechagua neno anajibu swali hilo kwanza, ukubwa baadaye, na kwa kawaida hajui hata kwamba ameulizwa.

Nasi tunayo maneno ya aina hiyo hapa na pale. Seremala akipiga randa, kinachodondoka ni maranda: chombo kimezaa jina la taka yake. Kilichomegwa ni mmego. Punje za mchele zilizovunjika kinuni au mashineni ni chenga, na kila anayenunua mchele anajua kwamba bei ya chenga si bei ya mchele mzima. Wazo si geni kwetu. Ila kwetu ni maneno ya kazi fulani fulani, wakati kwao ndiyo desturi ya lugha nzima.

Vilivyovunjika

Glasi imeanguka sakafuni. Vile vipande vyenye ncha na makali ni "shards". Neno hili huandamana na vitu vigumu vinavyovunjika kwa mkupuo: kioo, kauri, chungu, barafu. Hakuna "shard" ya mkate wala ya nguo. Asili yake ni neno la Kiingereza cha kale, "sceard", lililomaanisha pengo au mahali palipokatika, nalo ni ndugu wa "shear", kukata manyoya ya kondoo. Kiswahili tuna neno lake hasa, yaani kigae, ila kigae kimehamia madukani kwa wauza vifaa vya ujenzi. Mtu wa mjini akisikia vigae anawaza sakafu na paa, hawazi chungu kilichopasuka. Ndiyo maana niliogopa kuandika "zoa vigae". Mpishi mtiifu angeweza kubandua sakafu.

Wanaakiolojia wana tahajia yao, "sherd", kwa vipande vya vyungu wanavyofukua, na pwani yetu imewalisha vizuri. James Kirkman alichimba Gedi, Neville Chittick akachimba Kilwa, na sehemu kubwa ya tarehe walizozipata ilitoka kwenye vigae: kipande cha bakuli la Kichina chenye rangi fulani hutaja karne yake bila kubembelezwa. Mortimer Wheeler, mwanaakiolojia wa Uingereza aliyepita kwetu miaka ya 1950, alistaajabia wingi wa kauri iliyovunjika kati ya Dar es Salaam na Kilwa, akasema kwamba historia ya Tanganyika tangu karne ya 10, ile iliyofukiwa ardhini, imeandikwa kwa kauri ya Kichina. Hapo "sherd" si taka. Ni ukurasa.

Kule London neno hilo limepanda juu zaidi ya mita 300. Jengo refu lililo karibu na kituo cha treni cha London Bridge, lililozinduliwa mwaka 2012, linaitwa The Shard. Wakati mchoro wa msanifu majengo Renzo Piano ulipokuwa unajadiliwa, shirika la kulinda urithi la English Heritage lilipinga kwa kulifananisha na kigae cha kioo kinachochoma moyo wa London ya kihistoria. Wenye jengo wakalichukua tusi wakaligeuza jina. Ukilitazama kwa mbali, lenye ncha na vioo visivyokutana kileleni, unaona kwamba waliopinga walichagua neno barabara. Wangesema "piece of glass" hakuna ambaye angelikumbuka.

"Splinter" ni ya mti kwanza. Imetokana na kupasuka kwa kufuata nyuzi, na ni ndugu wa "split". Ndicho kile kinachokuingia kidoleni ukishika ubao ambao haujapigwa randa. Mfupa na chuma navyo vinaweza kutoa "splinters", maana navyo hupasuka kuwa vijiti vyembamba. Wanasiasa wameiazima: "splinter group" ni kundi lililojitenga na chama, na anayelitamka huwa upande wa chama kikubwa, maana ameshasema kwamba waliotoka ni wembamba na wanachoma.

"Fragment" ni neno la kusoma. Limetoka Kilatini, kwenye kitenzi cha kuvunja ambacho pia kilizaa "fracture" na "fraction". Kinachoitwa "fragment" hukufanya uwaze kizima ambacho hakipo tena: mstari mmoja wa shairi lililopotea, mfupa wa taya, ukurasa uliookolewa motoni. Kipande cha keki hakiwi "fragment" labda mtu awe anatania. Katika Yohana sura ya 6, watu wameshiba, Yesu anawaambia wanafunzi wakusanye vipande vilivyobaki. Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 imeandika "fragments", na vikajaa vikapu kumi na viwili. Kwa msomaji wa leo wa Kiingereza neno hilo linaupa mkate ule uzito kama wa vitu vya makumbusho. Kiswahili kimesema vipande tu, na mkate umebaki mkate.

Halafu kuna "shrapnel", ambalo ni jina la mtu. Henry Shrapnel alikuwa ofisa wa mizinga wa jeshi la Uingereza. Kuanzia mwaka 1784 alitengeneza kombora lililojazwa risasi za duara, lililopasuka angani likawamwagia adui risasi hizo. Jeshi lililipokea rasmi mwaka 1803. Kwa muda mrefu "shrapnel" ilimaanisha kombora la aina hiyo. Leo ni kipande chochote cha chuma kinachorushwa na mlipuko, awe aliyelipua anamjua Bwana Shrapnel au hamjui. Waingereza, kwa mzaha wao wa kavukavu, wanaita pia chenji ya sarafu zinazotoboa mfuko "shrapnel".

Na kitu kikivunjika hata kisihesabike, kimekwenda "to smithereens". Neno hili ni zawadi ya Waayalandi, na mwisho wake wa "-een" ni kiambishi chao cha udogo, kama ki- yetu. Halina kazi nyingine. Huwezi kuokota "smithereen" moja ukaitia mfukoni. Vinatokea vyote kwa pamoja, pale kitu kinapolipuliwa au kupondwa, kisha neno linarudi kulala.

Chipsi, vibanzi na pengo la kikombe

Neno moja linastahili kukaliwa kitako, kwa sababu limetuingia hadi kwenye sahani. "Chip" mwanzoni ilikuwa ni kipande kidogo cha mti kinachoruka shoka linapopiga au patasi inapochonga. Ndiyo maana mtoto aliyefanana na baba yake huitwa "a chip off the old block": gogo ni lilelile, yeye ni kibanzi chake. Kutoka kwenye mti neno likaenda kwenye viazi, likaenda kwenye vibao vya kuchezea kamari, likaenda kwenye kile kipande cha silikoni kinachoendesha simu yako.

Kwenye viazi wenyewe hawajaelewana. Mwingereza akisema "chips" anataka viazi vya moto vilivyokatwa virefu. Zile za kukauka za kwenye pakiti anaziita "crisps". Mmarekani akisema "chips" anataka hizo za pakiti, na vile vya moto anaviita "french fries". Sisi tulikuwa chini ya Mwingereza, kwa hiyo chipsi zetu ni za moto, za kuwekewa mayai na kachumbari. Tulipolichukua neno tulichukua na "s" ya wingi tukaisahau humohumo: tunasema chipsi moja, chipsi mbili, na muuzaji anaelewa ni sahani, si kijiti kimoja.

Kenya, kwenye Kiswahili cha magazeti na cha darasani, chipsi ni vibanzi. Hii nimeipenda tangu nilipoisoma mara ya kwanza, kwa sababu aliyeichagua alirudi kwenye gogo na shoka badala ya kufuata sauti. Kibanzi ni kile kilichobanduka kwenye mti, yaani "chip" ya asili kabisa. Ndicho hichohicho kilicho ndani ya jicho la ndugu yako wakati wewe una boriti jichoni mwako, Mathayo sura ya 7. Na hapo Kiswahili kimewashinda Waingereza wa zamani: Biblia yao ya 1611 ina "mote", ambayo ni chembe ya vumbi, na vumbi halina undugu na boriti. Kibanzi na boriti ni mti mmoja, mmoja mdogo na mmoja mkubwa, na utani wa Yesu unakaa sawa. Baadhi ya tafsiri za Kiingereza za karne iliyopita zimelazimika kuongeza kwamba chembe hiyo ni ya vumbi la mbao ili zifike mahali ambapo kibanzi kilishafika.

Sasa mtego wenyewe. Kikombe chenye "chip" si kikombe chenye kipande. Ni kikombe chenye pengo. Neno lilelile linataja kilichotoka na mahali kilipotoka, na katika mwongozo wangu ilikuwa ni maana hii ya pili: vyombo vilivyomeguka ukingo. Nilikuwa nimeandika "vyombo vyenye vipande", na mhariri aliniuliza kwa upole kama nilikuwa nazungumzia vyombo vyenye nyama.

Vilivyotafunwa

Ukichunguza maneno yao ya chakula unakuta meno kila mahali. "Bit" imetokana na "bite", kuuma: ni kiasi kilichong'olewa kwa meno mara moja. "Morsel" ni hadithi ileile kwa njia ya Kifaransa, kutoka kitenzi cha Kilatini cha kuuma. Kitenzi hicho ndicho pia kilichozaa "remorse", majuto, yaani kuumwa tena na jambo ulilodhani limepita. Leo "morsel" ni ya kistaarabu kidogo, tonge lililochaguliwa, na mwandishi wa mapishi anaipenda kuliko mlaji.

"Bit" ndiyo iliyokwenda mbali zaidi. Mwaka 1948 Claude Shannon alitoa makala yake kuhusu nadharia ya mawasiliano, akahitaji jina la kiasi kidogo kabisa cha taarifa, sifuri au moja. Alilitaja neno "bit", akisema limependekezwa na John Tukey, kifupi cha maneno mawili ya Kiingereza yenye maana ya tarakimu ya mfumo wa mbili. Kifupi hicho kiliangukia neno ambalo tayari lilimaanisha kipande kidogo, na sidhani kama Tukey hakuliona hilo. Mwaka 1956 Werner Buchholz wa IBM akahitaji jina la kundi la biti, akachukua "bite", akaibadilisha herufi ikawa "byte" ili mwandishi aliyechoka asiifupishe kimakosa. Nusu ya baiti wahandisi wakaiita "nibble", yaani kutafuna kidogo kwa meno ya mbele kama panya. Kompyuta nzima, kwa majina, ni chakula kinacholiwa taratibu.

"Crumb" ni chembe ya mkate au keki inayodondoka. Herufi "b" mwishoni haitamkwi, na haikuwamo tangu zamani. Iliongezwa baadaye na wenye kuandika, ili kila mwanafunzi duniani akosee imla. Kiswahili hakina neno moja linalolingana nayo. Tunasema chembe za mkate, au chenga za mkate kwa zile za kupakia kwenye vyakula vya kukaanga. Wengi hukimbilia makombo, na ndivyo walivyofanya waliotafsiri Mathayo sura ya 15, pale mama Mkanaani anapojibu kwamba hata mbwa hula makombo yaangukayo mezani pa bwana zao. Kiingereza pale ni "crumbs". Lakini makombo hayasemi lolote kuhusu ukubwa. Nusu sahani ya pilau iliyoachwa na mgeni ni makombo. Neno letu linauliza nani alikula kwanza. Kwa jibu la mama yule, anayesimama nje ya meza ya wenyewe, naona watafsiri hawakukosea hata kidogo, ingawa kwenye mkate wa asubuhi neno hilohilo lingepotosha.

"Scrap" ipo karibu na makombo. Imetoka kwenye kukwangua, nayo inataja kilichobaki baada ya kazi kwisha: mabaki ya chakula, vitambaa chini ya cherehani, karatasi, na kile chuma chakavu ambacho vijana wanaokisaka mitaani wanakiita skrepa.

"Slice" imekatwa, ni bapa, na ina unene unaofanana pande zote: slesi ya mkate, ya nanasi, ya nyama. Ajabu ni kwamba neno la Kifaransa lililoizaa lilimaanisha kibanzi, kitu kilichopasuka. Kisu kilikuja baadaye kukinyoosha. "Sliver" ni slesi iliyokonda. Mgeni wa Kiingereza akiulizwa kama ataongeza keki husema "just a sliver", anaonyesha kwa vidole viwili, kisha anapewa kubwa, naye anaipokea. Na kwa kuwa tumefika kwenye visu: katlesi, zile za viazi na nyama za kusaga ambazo Ramadhani ya pwani haikamiliki bila hizo, hazina uhusiano na "cut". "Cutlet" ni Kifaransa, "côtelette", kijibavu. Ya kwetu haina ubavu wowote.

Mtego mwingine wa jikoni uko kwenye "clove". Kuna mapishi mtandaoni yanayoagiza karafuu tatu na kitunguu saumu, pale ambapo Kiingereza kilisema "three cloves of garlic". Ni punje tatu za kitunguu saumu. Maneno hayo mawili yanafanana sura tu. "Clove" ya kitunguu inatokana na "cleave", kupasua, kwa sababu kitunguu saumu kimegawanyika chenyewe. "Clove" ya Zanzibar na Pemba inatokana na neno la Kifaransa la msumari, na ukiitazama karafuu kavu unaona kichwa na mwili wa msumari. Aliyetafsiri mapishi yale bila kuonja ana kesi ya kujibu.

Kipande cha ushauri

Hadi hapa vipande vyote vinashikika. Sasa tuje kwenye matumizi yanayowagharimu wanafunzi wetu alama kila mwaka. Kiingereza kina majina yasiyohesabika: "advice", "information", "furniture", "luggage", "equipment", "evidence", "news". Hayana wingi na hayapokei "a" mbele yake. Ukitaka kuhesabu, lazima ukate kipande kwanza: "a piece of advice", "two pieces of luggage".

Kwa nini tunakosea hapo kuliko kwingine? Kwa sababu Kiswahili kinatusukuma. Tunasema mizigo, nayo iko kwenye wingi waziwazi, kwa hiyo mkono unaandika "luggages". Tunasema vifaa, tunaandika "equipments". Samani na habari hazibadiliki umbo, lakini upatanisho unajua idadi: habari hii, habari hizi. Basi "informations" inatoka bila mtu kuhisi kosa. Kinyume chake, ushauri kwetu nao hauna wingi wa kawaida, na nimegundua kwamba wanafunzi wengi huikubali "advice" kwa urahisi zaidi. Wanateleza tu kwa kuandika "an advice". Kwa "news" mtego umepinduliwa: ina "s" mwishoni lakini ni umoja, na kitenzi chake ni "is".

"Piece" ndiyo funguo malaya ya kazi hii, inafungua karibu kila kufuli. Lakini vitu vingine vina wahesabuji wao, na hapo Mswahili hapaswi kushangaa. Sabuni kwao ni "bar", kwetu ni mche, na ukikatwa ndipo vinapopatikana vipande. Mkate mzima ni "loaf". Nyasi moja ni "blade", kwa sababu imefanana na upanga. Chumvi kiasi cha vidole viwili ni "pinch". Anayejua kusema chane ya ndizi na shada la maua hana haki ya kulalamika.

Hata chembe

Vipande vina kazi moja ambayo lugha zetu mbili zinaifanya kwa mtindo mmoja: kukanusha. Ukitaka kusema hakuna, unataja kidogo kabisa kisha unakinyima hata hicho. Hana hata chembe ya aibu. Hakubakiza hata tone. Kiingereza kinasema "not a shred of evidence" mahakamani, ushahidi ukiwa kama nguo iliyochanwa na haukubaki hata uzi. Kinasema "not a grain of truth", "not a scrap of food", "not an ounce of shame". Ukibadilishana majina hayo sikio la mwenye lugha linakwaruzwa: ukweli una punje, ushahidi una nyuzi, na anayeandika "a slice of evidence" kwa hakimu atakuwa amemchekesha. Wakili mwenzake hatamsahihisha, atamsimulia jioni.

"Not one iota" imetoka kwenye alfabeti ya Kigiriki, herufi ndogo kuliko zote, na "jot" ni herufi hiyohiyo iliyovaa nguo za Kiingereza. Zote zilipitia Mathayo sura ya 5. Biblia ya Kiswahili ikarudi kwenye Kiebrania, ikaandika yodi moja wala nukta moja ya torati haitaondoka.

"A bit" yahitaji tahadhari ya peke yake. Mwingereza hulitumia kulainisha jambo, na kadiri jambo lilivyo kubwa ndivyo anavyozidi kulilainisha. Bosi wa Kiingereza akikuambia kwamba ripoti yako ina "a bit of a problem", usiende kunywa chai. Na "quite a bit" si kidogo kabisa; ni nyingi, kama ambavyo "quite a few" ni wengi. Nimeona barua ya mfadhili iliyosema kwamba pesa zimebaki "quite a bit" ikitafsiriwa kuwa pesa zimebaki kidogo sana. Kikao kizima kilibana matumizi kwa wiki mbili bila sababu.

Marekani "bit" iliwahi kuwa pesa hasa. Dola ya fedha ya Kihispania ilikuwa na reali nane, na watu waliikata kama keki kupata chenji. Kila kipande kikaitwa "bit". Hadi leo Mmarekani mzee anaweza kuita robo dola "two bits", ingawa sarafu ya "bit" moja, senti kumi na mbili na nusu, nchi yake haikuwahi kuitengeneza. Soko la hisa la New York liliendelea kutaja bei kwa sehemu za nane hadi mwaka 1997. Nikikumbuka thumuni za utotoni nacheka: neno la Kiarabu la sehemu ya nane, ambalo wazee wetu walilitumia kuiita sarafu ya senti hamsini, na hakuna mtoto dukani aliyeuliza ni nane ya nini.

Kwa upande wa vipande vikubwa sitakaa sana. "Chunk" ni pande lisilo na umbo, "slab" ni bapa na zito, "lump" ni donge au bonge. "Hunk" ni pande kubwa la mkate au nyama, na mtaani kwao ni mwanamume mwenye sura na mabega. Sisi tulipochukua "piece" tukaifanya pisi, tukaigawa kazi mbili: jumla inauzwa kwa dazeni na rejareja kwa pisi, na jioni pisi kali inapita barabarani. Lugha mbili zisizosikilizana zimewapima watu kama nyama buchani.

Narudi kwenye mwongozo wa jikoni. Nilichokigundua baada ya kulikodolea macho lile swali la pembeni ni kwamba nilikuwa natafuta majina, wakati Kiswahili kimeziweka tofauti zote hizo kwenye vitenzi. Kumeguka, kuvunjika, kupasuka, kuchanika, kubanduka, kunyofoka, kumomonyoka, kuchubuka: kila kimoja kinajua kizima kilikuwa nini na kimepatwa na nini. Kiingereza kinakiokota kipande na kukipa jina. Sisi tunasimulia kilivyotoka, kisha kipande tunakiita kipande. Nikaiandika upya hivi: "Chombo kilichomeguka ukingo kisitumike. Glasi ikivunjika zoa kwa ufagio, usiokote kwa mkono. Kagua mbao za kukatia zisiwe na vibanzi. Makombo yasilale jikoni."

Vipande havimo hata mara moja, na nikaituma kwa kujiamini. Mhariri alijibu kabla ya chakula cha mchana. Amepitisha zote isipokuwa ya tatu, kwa sababu hoteli mbili za mteja ziko Mombasa, na huko wapishi wangekagua ubao wakitafuta chipsi.